Farasi Niliyemuuza Mwaka Uliozaliwa

Mwanangu Kipkirui,

Salamu utapewa na mama yako. Yeye anazo za kutosha kukufikisha Molo na kukurudisha. Mambo ya blanketi, sabuni na viazi vya kubeba njiani pia ni yake. Mimi nina maneno mengine. Maneno ni yangu, lakini mwandiko ni wa dada yako Chelangat, kwa sababu mimi kalamu naishika kama jembe. Ameketi mezani, ameinamisha kichwa vile anavyoinamia vitabu vyake vya kidato cha pili, na ameniambia kwa ile sauti yake ya chini kwamba ataandika Kiswahili cha shuleni, si hiki changu cha kambi ya chai. Nimemwambia aandike anavyojua, mradi asipunguze neno.

"Na nisiongeze?" ameuliza.

Asiongeze pia.

Siku farasi alipokufa nilikuambia, mbele ya mama yako na majirani wote waliokuja kutazama, kwamba umeninyang'anya mara mbili. Nikasema na lile lingine, kwamba mikono yako haitafuga mnyama akaishi. Watu walishika midomo. Baba akimtamkia mwanawe neno kama hilo, hapa kwetu halihesabiwi kuwa hasira tu; ni laana. Tangu siku ile mahindi ya msimu ule tumeyala yakaisha, na mengine yamefika kiunoni shambani, na mimi na wewe hatujaambiana zaidi ya "ng'ombe wameingia kwenye chai" na "lango liko wazi". Na sasa kesho unaenda kufuga wanyama. Tena farasi.

Kila aliyekuwepo alielewa niliposema umeninyang'anya. Farasi wangu Rozi alikuwa amelala hapo, nzi wameshafika machoni. Lakini hiyo "mara mbili" hakuna aliyeielewa, wala wewe. Nilikuona ukiitafuta usoni mwangu. Nataka uende ukiijua, kwa sababu ni mbaya kuliko ulivyodhani, na wewe huna kosa ndani yake hata kidogo.

Unajua nilikuwa saisi. Mnalijua hilo nyinyi watoto kama mnavyojua kwamba mama yenu ni Mkisii: jambo la zamani, halina habari ndani yake. Kazi ya saisi ni kutunza farasi wa mtu mwingine. Unamlisha, unamkwangua kwato, unampiga brashi, unamfunga tandiko, halafu mwenyewe anakuja na viatu vyake virefu anapanda. Unabaki na ndoo. Asubuhi mwenyewe akiwa na homa au na safari, ndipo wewe unapanda kumnyoosha farasi miguu. Niliishi kwa ajili ya homa za watu wengine.

Meneja wa shamba la chai, mwenye farasi hao, alipoondoka kwenda kwao kabisa, farasi wake waliuzwa. Akabaki mmoja, Meja, mzee, jicho la kushoto lina ukungu. Hakuna aliyemtaka. Meneja akanipa kamba mkononi, akaingia kwenye gari. Nilikuwa na umri kama wako wa sasa. Fikiria kijana anayelala chumba kimoja cha kambi na wenzake, hana hata kitanda chake, halafu ana farasi. Siku za soko nilimpanda hadi Sosiot na sikuwa na kitu cha kununua wala cha kuuza. Nilienda tu ili nionekane nikirudi.

Mama yako aliniona juu ya huyo Meja. Alikuwa anachuma chai, kikapu mgongoni, yeye na wenzake kando ya barabara. Wengine walisogea. Yeye hakusogea.

"Wewe," alisema, "shuka tuone kama una miguu."

Nikashuka.

"Kumbe ni mfupi," akawaambia wenzake.

Mama yako amecheka hapo alipo, anakunja shati lako. Halafu amekumbuka kwamba siku hizi hacheki na mimi.

Mwaka uliozaliwa tuliondoka kambini tukaja hapa kwenye kipande cha babu yako. Nyasi zilitosha ng'ombe mmoja. Mama yako aliugua, maziwa yakamkauka, nawe ulilia mpaka sauti ikawa kama ya mlango mkavu. Babu yako alitoka nje, akamzunguka Meja polepole, akaniuliza swali moja: "Huyu anakamuliwa wapi?" Wiki hiyo nilimuuza Meja nikanunua ng'ombe mweusi. Maziwa yake ndiyo uliyokunywa mpaka ukaota meno.

Aliyemnunua alikuwa na mkokoteni wa kubeba mawe kule mjini Kericho. Alisema atambebesha vitu vyepesi. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Baadaye nilienda mjini nikamwona Meja akipandisha mlima na mawe ya kujengea, mbavu zimetoka, kidonda wazi mahali mshipi unapopita. Alinisikia harufu. Aligeuza kichwa, akanitazama kwa lile jicho zima. Nami niliingia dukani nikauliza bei ya misumari ambayo sikuihitaji, nikakaa humo mpaka akapita.

Niliporudi nyumbani ulikuja unanikimbilia. Ulikuwa ndio kwanza unajifunza kutembea, unaanguka na kuinuka. Nikakupita. Mara ya kwanza ni hiyo, Kipkirui. Ulikuwa huna hata meno ya kutosha, na mimi nilikuwa nimeshakupa kosa.

Chelangat ameacha kuandika. Anauliza, "Baba, kweli niliandike hilo?"

Andika.

Sikukupiga kwa ajili yake. Sikukutukana. Ulikula, ulivaa, ulienda shule. Lakini kila ulipoangua kilio usiku, kila ulipohitaji kiatu, kulikuwa na kitu ndani yangu kilichosema: Meja aliondoka kwa sababu ya huyu. Na mtoto anayetazamwa hivyo anajua kwamba kuna kitu hapewi, ila hajui kinaitwaje akiombe. Nilikuona ukijaribu. Ulijifunza kukamua kabla ya wenzako. Ulijifunza kukata nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, kupogoa chai, kuzalisha ng'ombe. Ulikuwa unaniletea kazi zako kama mtu anayelipia, na mimi nilizipokea.

Ukamaliza kunyolewa, ukatoka jandoni, na baba yako mkubwa akakupa yule mtamba mwekundu mbele ya watu. Mtamba wako, wa kuanzia maisha. Sasa hapa ndipo niliporudi kwa farasi.

Ni Barnaba aliyeleta habari, yule Mkisii niliyefanya naye kazi ya usaisi, huyo huyo aliyekutafutia kazi hii ya Molo. Alikuja amechoka na baiskeli yake, akasema karibu na Londiani kuna mama mzungu mzee anafunga shamba lake, ana farasi jike wa rangi ya majivu, na hataki amwendee mtu asiyejua farasi. Wala pesa hataki. Anataka ng'ombe mchanga ampe mpishi wake kama kumuaga. Barnaba alikunywa chai akaenda zake. Mimi sikulala. Nilikuwa nimepitisha miaka yako yote bila kugusa farasi, nikasema yamekwisha, na neno moja tu la Barnaba likaniamsha kama mtoto aliyeahidiwa nguo.

Asubuhi ulipokwenda shule nilimfungua mtamba wako.

Sikukuuliza. Nilijiambia kwamba mali ya mwana ni ya baba mpaka aoe. Tena nilijiambia, na hili ni baya zaidi, kwamba ni haki: wewe ulimla Meja, sasa ng'ombe wako anirudishie. Nililala Londiani, na kesho yake jioni uliporudi ulitupa macho zizini, ukamwona farasi, ukaelewa. Uliweka vitabu chini, ukachukua ndoo, ukaenda kuchota maji. Afadhali ungepiga kelele.

Nikuambie ilivyokuwa kupanda tena, kwa sababu utapanda na wewe. Mguu wangu wa kushoto uliingia kwenye kikuku cha tandiko kabla sijaufikiria. Mgongo ukajinyoosha wenyewe. Mikono ikashika hatamu vile inavyotakiwa, si kwa kuvuta, kama mtu aliyeshika kikombe kilichojaa. Nilitoka Londiani nikipita kando ya barabara, ukungu bado juu ya chai, na Rozi alikuwa na hatua ndefu, tulivu, na nililia. Hakuna aliyeniona ila ng'ombe. Nilipofika nyumbani sikuweza kushuka. Mapaja yalikuwa yamekufa. Mama yako ndiye aliyenivuta kama gunia, akasema, "Karibu nyumbani, bwana mkubwa."

Siku nyingi nilitembea kama bata. Kule kituo cha kupimia majani ya chai wakapata kazi ya mdomo.

"Arap Rotich, mwambie huyo mzungu wako atusaidie kubeba magunia!"

"Halimi huyo?"

"Halimi."

"Anatoa maziwa?"

"Hatoi."

"Basi tumchinje tukae hapa tule."

"Haliwi," akasema Arap Mutai, jirani yetu, na akajifanya kufikiri sana. "Hatoi maziwa, halimi, haliwi. Huyo si mnyama, huyo ni mgeni."

Wakacheka, na mimi nikacheka nao, na sikujali. Hilo ndilo nataka ulisikie. Nilikuwa na furaha na sikujali mtu. Nilitoka alfajiri kumpanda Rozi na nikawaachia wewe na mama yako kukamua. Nilirudi jua limepanda, chai imewekwa chini ya sinia isipoe, na sikuuliza nani alikata nepia.

Na nilikukataza kumgusa. Unakumbuka ulikuja na chumvi kiganjani, vile tunavyowapa ng'ombe, ukamnyoshea. Alikuwa ameshaanza kuramba. Nilikufokea mpaka akaruka nyuma. Nilisema utamharibu. Si kweli. Angekupenda, basi. Nilitaka kitu kimoja katika boma hili ambacho hakikujui. Kwa hiyo ukaishi na farasi mlangoni na hukujua kitu chochote kuhusu farasi. Ulijua ng'ombe, kwa sababu ng'ombe nilikufundisha.

Jambo jingine sikulijua siku hizo. Mwili wangu ulikumbuka kupanda tu. Yale ya kuchosha, yale ya ndoo, mwili uliyasahau. Ukirudi kwenye kitu baada ya muda mrefu, unarudi na sehemu tamu, na hiyo inakudanganya kwamba umerudi mzima. Nilikuwa nikijua zamani kwamba farasi hafungiwi lango kwa kamba. Ana midomo kama vidole. Fundo la kamba analichezea mpaka lifunguke. Kwa Meneja tulitumia mnyororo na pini, na kila jioni mtu wa mwisho alirudi kuhakikisha. Hapa nilifunga lango kwa kamba ya katani kama mtu aliyefungia ng'ombe, na kwa sababu miezi ilipita bila shida, nikaona nimefunga vizuri.

Nikaenda mazishi kule Merigi, nikalala huko. Yaliyotokea hapa nimeyasikia kwa watu, na mwingine kati yao ni huyu anayeandika.

Mahindi yalikuwa yameanikwa juu ya turubai. Wewe na mama yako mlikuwa kwenye chai, upande wa chini. Rozi akafungua fundo. Mlipopanda kurudi nyumbani mlimkuta ameshakula, amelala anagaagaa, anainuka, anatazama ubavu wake kama mtu aliyeitwa, anajitupa tena chini, jasho linamtiririka. Ulimwamsha ukamtembeza. Nani alikuambia umtembeze? Hakuna. Ulimtembeza kwa sababu alionekana anataka kuondoka mahali palipo na maumivu. Ukamtuma Chelangat kukimbia Sosiot kumwita daktari wa mifugo, naye akakuta daktari yuko Sigowet na hajulikani atarudi saa ngapi. Tumbo likazidi kujaa. Arap Mutai akaja. Yeye ameokoa ng'ombe wa watu wengi kwenye kijiji hiki, hilo siwezi kumnyima.

"Unangoja nini?" akakuambia. "Amejaa hewa. Toboa."

"Ni farasi, mzee."

"Tumbo ni tumbo. Baba yako atakuja akute maiti, akuulize ulikuwa unatazama nini."

Ulileta kisu. Kisu kile tulichomtobolea ng'ombe wetu mweupe alipovimbiwa na majani mabichi, ukiwa darasa la saba, mimi nimeushika mkono wako ndani ya mkono wangu. Ubavu wa kushoto, nilikuambia, kiganja kizima kutoka mfupa wa nyonga, usitetemeke, sukuma mara moja. Hewa ikatoka kwa mluzi, ng'ombe akasimama, na nilikupiga bega. Nadhani ni mara chache sana nimekupiga bega. Arap Mutai aliniambia kwamba kwa Rozi pia ulipima kwa kiganja. Ulipima mara mbili. Mkono haukutetemeka.

Lakini farasi si ng'ombe, Kipkirui. Tumbo lake halikai pale. Hewa yake haitoki pale. Ng'ombe unamtoboa anasimama; farasi unamfungulia kifo.

Nilifika asubuhi nikakuta watu. Nikasema yale niliyosema. Mama yako alikuwa ameokota ile kamba langoni, akaja akanitupia miguuni mbele yao wote. "Kamba ni yako," akasema. "Fundo ni lako. Sasa mtukane mtu wa fundo." Nikamsukuma mkono nikapita. Mpaka leo hajanisamehe, na anakunja hilo shati mara ya tatu.

Nimemwambia hapa sasa hivi kwamba barua hii ndiyo ya kuyaondoa yale maneno. Unajua amenijibu nini?

"Uliyasema kwa mdomo, kijiji kizima kinasikia. Unataka kuyarudisha kwa bahasha?"

Nikamwambia anyamaze kwanza. Amenyamaza, na naona ingekuwa heri angesema.

Barnaba alipokuja na habari ya kazi, nilidhani utakataa. Nilitaka ukatae. Alisema shamba la Molo linataka kijana, na kwamba wakisikia ni mtoto wa Rotich saisi, hawatauliza mengi. Ukasema utaenda. Nikamwambia mama yako akuulize kwa nini, maana mimi na wewe hatuulizani. Akarudi na jibu lako: "Nataka kujua ningefanya nini."

Nimelibeba jibu hilo tangu siku hiyo. Ningependa kama ungesema unataka mshahara.

Kwa hiyo sikiliza. Siku ya kwanza kabisa waambie hujui farasi. Wataona aibu kidogo kwa niaba yako, watacheka, yatapita. Usiingie kwa jina langu. Nimekaa na jina hilo la saisi miaka yote hii, na nikalitumia kuwafunga midomo watu waliotaka kunikumbusha mnyororo na pini. Barnaba mwenyewe alilitazama lango langu akauliza, nikamwambia asinifundishe kazi yangu. Ukimpita farasi nyuma, weka mkono juu ya kiuno chake uende nao, ajue uko wapi. Akitazama ubavu wake mara ya pili, usingoje ya tatu. Ondoa chakula, mtembeze, mwite mtu anayejua, hata kama mtu huyo amelala, hata kama alikutukana jana. Na akija mzee mwenye heshima akakuambia tumbo ni tumbo, mwambie hapana. Mimi ningetaka umwambie hapana hata mzee huyo akiwa mimi. Sikukufundisha hilo. Nilikufundisha kusukuma mara moja bila kutetemeka.

Kuna siku utapanda, na mwili wako utapenda. Najua, kwa sababu una miguu yangu. Ukipenda, usimfungie mtu yeyote nje ya hiyo furaha. Nilipata farasi mara mbili katika maisha yangu. Wa kwanza nilimpoteza nikamlaumu mtoto mchanga. Wa pili nilimkalia peke yangu kama mtu anayekula gizani, na alipokufa hakukuwa na mtu wa kulia naye, maana hakuna niliyemruhusu kumjua.

Usifikiri nimepoa. Nikipita zizini nikaona ile nguzo aliyokuwa akijikunia, bado wakati mwingine ni uso wako ninaouona kwanza. Sitaki kukudanganya kwa sababu unaondoka. Nakasirika na wewe asubuhi, halafu nakumbuka fundo, nakasirika nalo mpaka jioni. Ningetaka ningekuwa baba anayeweza kusema imekwisha. Ninayeweza kuwa ni huyu.

Chelangat ananionyesha dirisha kwa kidole. Najua. Unapiga viatu brashi hapo nje kwenye benchi, chini ya dirisha hili, na mimi sijawahi kujua kusema polepole. Brashi ilinyamaza nilipofika kwa Meja, na tangu hapo haijasikika tena. Najua unasikia. Nilijua tangu mwanzo, na nikaendelea, kwa sababu hivi ni rahisi kwangu, kumwambia msichana mwenye kalamu nawe ukiwa upande wa pili wa ubao wa dirisha. Hata sasa

Kaka, kuanzia hapa ni mimi, Chelangat. Baba hakumaliza hiyo sentensi. Hakuniambia niandike haya na aliniambia nisiongeze, lakini wewe ulikuwa nje na hukumwona uso, kwa hiyo nitakuandikia usome ukifika.

Ulipouliza kutoka nje, "Kama ungekuwepo, ungefanya nini?" baba alishtuka mpaka akashika meza. Mama aliliachia shati. Baba akajibu akitazama dirisha, ijapokuwa limefungwa.

"Ningemtoa kwenye mahindi. Ningemtembeza."

"Nilimtembeza."

"Ningemtembeza tena."

"Halafu?"

"Ningengoja daktari."

"Daktari alikuwa Sigowet."

"Alikuwa Sigowet," baba akasema.

"Kwa hiyo ningefanya nini, baba?"

Hapo ndipo nilipomtazama. Unajua mimi siwezi kumtazama baba usoni kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inajaribu, kama yangu nikiitwa kusoma mbele ya darasa. Akasema, "Hakuna. Kwa mahindi yale yote, angekufa. Hata kama mimi ningekuwa hapa. Nilijua asubuhi ile ile, nilipoona turubai tupu, kabla sijaona kisu."

Mama alisema, "Ee Mungu," kwa Kikisii, akaketi juu ya nguo zako.

Baba akainuka, akafungua mlango, akasimama kizingitini. Alisema kwa nguvu, kwa sauti ile ile ya siku ile, nadhani makusudi ili wasikie mpaka kwa Arap Mutai: "Mikono ya mtoto huyu haina kitu. Neno nililolisema nimelitoa. Anayenisikia anisikie." Mbwa wa jirani akabweka. Halafu akasema kwa sauti ndogo sana, sidhani alijua nasikia, "Na mtamba alikuwa wako."

Hukumjibu, kaka. Ulichukua brashi ukaendelea na kiatu kile kile ambacho kilikuwa kimeshang'aa. Baba ameketi mwisho wa benchi, mbali na wewe kiasi cha mtu wa tatu kukaa katikati. Nawaona kupitia mlango ulio wazi. Mama ananiambia nifunge bahasha sasa, umande unaingia na kuna safari kesho. Nimemwambia bado kidogo. Naandika polepole, kaka, herufi moja moja, kwa sababu sitaki barua iishe kabla hujamjibu.